Shajara ya mradi: Midiria wa kipande cha kilomita mbili

Mradi wenyewe

Lengo ni kujua midiria gani, ndege wa mdomo mrefu wanaojulikana kwa kuvua samaki, wanatumia kipande cha mto chenye urefu wa kilomita 2, wanavua wapi, na kama wanazalia humo humo. Kazi inafanywa na watu wawili. Kupeana kampani kunasaidia, hasa pale saa nzima inapopita bila ndege, lakini sababu hasa ni nyingine: mdiria hupita mbele ya macho kwa sekunde mbili au tatu, na aliyezamisha macho kwenye darubini haoni kinachopita pembeni yake. Kanuni ya kwanza kwenye daftari ni kwamba wawili wasiangalie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Inaonekana rahisi, ila ndiyo inayovunjwa kila mara: mmoja akiona ndege, mwenzake naye humgeukia ndege huyo huyo, na mto uliobaki unakosa macho.

Kuchagua kipande na vituo

Picha za setilaiti zinatosha kwa hatua ya mwanzo. Unatafuta mto unaopinda. Kwenye kona, maji hukimbia upande wa nje na kukwangua udongo mpaka ukingo usimame wima. Kwenye gema hilo ndipo mdiria huchimba tundu. Upande wa ndani maji hupunguza kasi, mchanga hutua, na samaki wadogo hujaa kwenye maji ya kufika magotini. Kona moja basi inaweza kumpa mdiria nyumba na jiko. Sehemu zilizonyooka zenye kingo za nyasi tupu tuliziacha.

Kwenye kipande chetu kuna vituo 5. Kila kituo kina mahali pa ndege kutua palipo wazi juu ya maji, kama tawi lililolala, kisiki, jiwe au tete lililopinda. Chini yake kuna maji unayoyaona hadi chini, na watu hukaa mita 30 hadi 40 kutoka hapo. Ukisogea zaidi ndege anahama. Ukikaa mbali zaidi, mdiria wa sentimita 13 anabaki nukta.

Jua ndilo linaloamua mkae ukingo gani. Asubuhi mnakaa ukingo wa mashariki mkitazama magharibi, alasiri kinyume chake. Hili si la kupuuza, kwa sababu buluu ya mdiria haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Inatokana na vijitundu vidogo mno ndani ya nyuzi za unyoya vinavyotawanya mwanga. Jua likiwa nyuma yenu, buluu inawaka. Likiwa nyuma ya ndege, yule yule anaonekana mweusi tii na mtabaki mkibishana juu ya rangi. Kwa hiyo kwenye fomu yetu ukubwa na mdomo huandikwa kwanza, rangi baadaye.

Vifaa

Darubini mbili za 8x42, moja kwa kila mtu. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Za 10x zinakuza zaidi, lakini mkono ukitetemeka nazo picha inaruka, na eneo linaloonekana ni dogo. Kwa ndege anayekimbia juu ya maji hiyo ni hasara.

Kuazimana darubini hakufai, maana macho ya watu hayalingani. Kila mtu arekebishe yake kabla ya kufika mtoni. Ziba lenzi ya kulia, tazama kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi kitu kiwe wazi. Kisha ziba ya kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia, bila kugusa tena gurudumu. Weka alama pete ilipoishia, kwa sababu huwa inasogea ndani ya begi.

Vingine: vigoda viwili vya kukunja (mtu aliyesimama anaonekana dhidi ya anga, aliyekaa anamezwa na vichaka), penseli badala ya kalamu ya wino, saa mbili zilizolinganishwa hadi sekunde, na ramani ya mkono ya kila kituo. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Kamera ni hiari. Kwa ndege anayezamia unahitaji shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde na fokasi iliyowekwa tayari mahali anapozamia. Ukisubiri kamera imtafute yenyewe, utapata picha nyingi za maji yaliyotibuka.

Mgawanyo wa kazi kituoni

Wa kwanza, tumwite mtazamaji, anapitisha darubini polepole kwenye matawi na visiki vyote vya kituo, kutoka juu ya mto kwenda chini, kisha anarudia. Wa pili ni mlinzi. Hashiki darubini. Anatazama eneo lote la maji kwa macho matupu, anasikiliza, na ndiye mwandishi. Kila dakika 15 wanabadilishana, kwa sababu macho ya darubini huchoka na mtu huanza kupita juu ya ndege bila kumwona.

Kuelekezana kulihitaji utaratibu. Mbinu ya uso wa saa, ambayo wapenda ndege wengi huitumia, ilijaribiwa ikaachwa. Ukisema "saa tatu", mmoja anafikiria namba 3, kulia. Mwingine anafikiria saa tatu asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye 9, kushoto. Ndege haongoji mpatane. Badala yake kila kituo kina alama nne au tano zenye majina yaliyoandikwa kwenye ramani, na umbali unapimwa kwa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso, ambayo ni takriban digrii 10. "Kisiki cheupe, ngumi moja kulia, chini karibu na maji" inatosha. Kingo nazo zina kanuni yake: ukingo wa kulia ni ule ulio kulia kwako ukielekea maji yanakokwenda, hata kama umekaa umeyapa mgongo.

Usinyooshe mkono kuonyesha. Mdiria huvumilia watu waliotulia kuliko unavyodhani, ila mkono unaoinuka ghafla unamwondoa. Mlinzi anagusa goti la mwenzake na kunong'ona alama.

Sauti hutangulia

Mara nyingi mdiria husikika kabla ya kuonekana. Spishi zinazotajwa hapa zinaelezwa katika sehemu inayofuata. Yule mdogo wa kishungi hutoa mlio mfupi, mwembamba na mkali akiwa anaruka. Mweusi-na-mweupe ni mpiga kelele, hasa wakiwa kundi. Mdiria mkubwa ana sauti nzito ya kukwaruza, kek-kek-kek, inayofika mbali.

Mlinzi akisikia, asitafute juu angani. Midiria wa mtoni huruka chini, mara nyingi kiasi cha mita moja juu ya maji, wamenyooka kwa kufuata mkondo. Macho yashuke kwenye mstari wa maji upande sauti ilikotokea, yasubiri ndege aingie.

Nani ni nani

Kuna spishi zaidi ya 110 za midiria duniani, na nyingi hazili samaki kabisa. Kwa hiyo ndege mwenye mdomo mrefu kwenye mti wa kando ya mto anaweza kuwa mdiria wa msituni, Halcyon senegalensis, anayekula panzi na wadudu wengine. Mdomo wake ni mwekundu juu na mweusi chini, na hukaa akitazama ardhi.

Kwa mito ya Afrika kusini mwa Sahara, anayeonekana kwa urahisi zaidi ni mdiria mweusi-na-mweupe, Ceryle rudis, wa sentimita kama 25. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja ambao kwa kawaida umekatika katikati. Huyu hutulia hewani: mwili unasimama karibu wima, mabawa yanapiga kwa kasi, mdomo umeelekea chini na kichwa hakisogei hata kidogo. Akikosa shabaha anashuka kidogo, anatulia tena, kisha anajirusha. Anaweza kummeza samaki mdogo huko huko akiruka, ndiyo maana anaweza kuvua katikati ya ziwa ambako hakuna pa kutua. Mlinzi ndiye huwahi kumwona.

Mdiria mdogo wa kishungi, Corythornis cristatus, ni wa mtazamaji. Ana sentimita 13, hukaa kwenye tete au kijiti mara nyingi chini ya mita moja juu ya maji, na hajisogezi. Kinachomfichua ni kichwa kinachoinama na kuinuka anapopima umbali. Aliyekomaa ana mdomo mwekundu, shavu la hudhurungi na doa jeupe pembeni mwa shingo. Kinda ana mdomo mweusi, na hapo ndipo orodha nyingi huharibika: anaandikwa kuwa Alcedo semitorquata, mdiria wa vijito vyenye kivuli na maji maangavu. Tofauti iko shavuni. Alcedo semitorquata ana shavu la buluu na vibaka viwili vya buluu pembeni mwa kifua, na ni mrefu zaidi, sentimita 18. Kinda wa kishungi ana shavu la hudhurungi. Mdomo usikudanganye.

Wa tatu katika mkanganyiko huo ni mdiria kibete, Ispidina picta, wa sentimita 12. Anaishi vichakani akila wadudu, lakini hupita mtoni. Tazama juu ya jicho: kwa kibete kuna mstari wa rangi ya chungwa unaotenganisha jicho na buluu ya utosi, na shavu lina urujuani, kwa mdogo wa kishungi buluu ya utosi inashuka hadi kwenye jicho.

Mdiria mkubwa, Megaceryle maxima, hana wa kufananishwa naye. Ana sentimita 42 hadi 46, mdomo kama kisu, na hula kaa sana. Dume ana hudhurungi kifuani, jike tumboni. Anapenda matawi ya juu yenye kivuli, kwa hiyo ukitazama mstari wa maji peke yake utampita.

Mto ukiwa chini

Kipindi hiki ndicho chenye mavuno. Maji ni maangavu, samaki wamebanwa kwenye vidimbwi, na ndege anarudi kwenye tawi lile lile. Kazi ya kwanza kila asubuhi ni kukagua matawi kabla ya kukaa. Tawi linalotumika lina michirizi myeupe ya kinyesi upande mmoja, na chini yake kuna magamba makavu au vidonge vya mifupa ambavyo mdiria huvitapika. Vidonge hivyo ni vyeupe-kijivu na humomonyoka ukivigusa. Ndani yake unaona miiba midogo ya samaki. Tawi safi lenye umbo zuri halina thamani mpaka lioneshe alama hizo.

Mdiria akitoka na samaki mkubwa kidogo, anamshika mkiani na kumpiga kichwa kwenye tawi, kulia, kushoto, mpaka atulie, kisha anamgeuza na kummeza kichwa kwanza ili miiba ya mapezi ilale. Hapa mtazamaji ana sekunde za kutosha kusoma jinsia na umri. Mlinzi kwa wakati huo aendelee kutazama maji, kwani mara nyingi mwenzi wa ndege huyo yuko karibu.

Baada ya mvua

Mto ukijaa na kuwa rangi ya chai ya maziwa, vituo vinanyamaza. Ndege hawajatoweka. Mdiria anawinda kwa macho; asipoona samaki anahamia kwenye vijito vya pembeni, madimbwi yaliyoachwa na mto na mabwawa, au anageukia kereng'ende na viluwiluwi. Kwa sababu hiyo, sifuri iliyoandikwa bila hali ya maji haina maana yoyote, na tumeongeza safu ya uangavu kwenye fomu.

Kipimo ni cha zamani. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, alianza kupima uangavu wa maji ya bahari kwa kuzamisha sahani nyeupe hadi isionekane. Chetu ni kifuniko cheupe cha sentimita 20 chenye tundu katikati, kamba yenye fundo kila sentimita 10, na jiwe lililofungwa chini yake. Kinashushwa kutoka darajani upande wenye kivuli. Andika kina kinapopotea, kipandishe, andika kina kinapoonekana tena, chukua wastani. Tatizo ni mkondo: ukisukuma kamba iwe ya mshazari, kipimo kinadanganya kwa kuongeza kina. Ongeza uzito au pimia mahali maji yalipotulia.

Usiingie majini kwa ajili ya kipimo. Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na kwenye mito ya mamba na viboko kigoda chenyewe kinawekwa juu ya ukingo, mbali na maji, mlinzi akijua anachokilinda.

Tundu kwenye gema

Gema la mita mbili na zaidi, la udongo mchanganyiko wa mchanga, lisilo na mizizi mingi, huwa na matundu. Swali ni ya nani. Kerem, wale wala nyuki, na baadhi ya mbayuwayu nao huchimba humo. Wakiwa kundi kubwa, matundu yao hupangana kwa makumi. Tundu la mdiria linalotumika lina michirizi miwili sakafuni mwa mlango, iliyokwanguliwa na miguu yake mifupi, na vifaranga wakishakua linatoa uchafu mweupe unaotiririka chini ya mlango. Utando wa buibui mlangoni unamaliza mjadala: halitumiki. Ndani njia hupanda kidogo kuelekea chumba cha mwisho. Kwa mweusi-na-mweupe inaweza kuwa na urefu wa mita 1 hadi zaidi ya 2. Hakuna majani wala manyoya, ila mifupa ya samaki inayorundikana.

Njia bora ya kulipata ni kumwacha ndege akupeleke. Mdiria anayekula mwenyewe hugeuza samaki kichwa kikielekea kooni. Akiruka huku kichwa cha samaki kimetangulia nje ya ncha ya mdomo, samaki huyo ni wa mwingine: jike anayechumbiwa, au kifaranga. Mtazamaji akisema "kichwa nje", mlinzi anafuata mwelekeo kwa macho na kuandika alama ya mwisho alipoonekana. Siku ile ile msimfuate kwa miguu. Keti tena kwenye alama hiyo wakati mwingine, na tundu litajionesha.

Umbali wa kuchunguzia ni mita 50 au zaidi, na si zaidi ya nusu saa. Ndege akikaa karibu na samaki mdomoni, akilia na haingii, mmemzuia, ondokeni. Msitembee juu ya gema, kwa sababu udongo wa juu ya chumba ni mwembamba na unaweza kuporomoka. Msimulike tochi ndani, msipige sauti zilizorekodiwa, na msiweke mahali penyewe hadharani. Kenge hufukua matundu haya bila msaada wa njia iliyokanyagwa na watu.

Kuhesabu bila kuhesabu mara mbili

Hapa ndipo mradi ulipohitaji nidhamu zaidi. Mkitembea kando ya mto, mdiria huruka mbele yenu, anatua, anaruka tena, na akifika mwisho wa eneo lake anazunguka na kurudi nyuma. Mtu mmoja anaweza kumwandika mara tatu. Kwa kutembea, basi, anayeruka mbele hahesabiwi mpaka apite kurudi nyuma, na mlinzi anatembea hatua 20 nyuma kazi yake ikiwa hiyo tu.

Kwa vituo tunatumia hesabu ya wawili wasiosaidiana. Kila mmoja anakaa mahali pake akitazama eneo lile lile, anaandika spishi, jinsia, muda na alama, na ishara zote zinasitishwa. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo kanuni ya kwanza inavunjwa kwa makusudi. Baadaye orodha zinalinganishwa. Tuseme mmoja kapata 6, mwingine 5, na 3 ni wale wale kwa muda na mahali. Makadirio ni 6 mara 5 gawanya kwa 3, yaani 10, ilhali jumla ya walioonekana ni 8. Kwa namba ndogo kanuni hiyo hupandisha, kwa hiyo ongeza 1 kwa kila namba kabla ya kukokotoa na utoe 1 mwishoni: 7 mara 6 gawanya kwa 4, toa 1, unapata 9.5. Mkinong'onezana hata mara moja, namba ya wale wale inapanda na makadirio yanashuka bila nyinyi kujua.

Kwa mweusi-na-mweupe, msigawe idadi ya wakubwa kwa mbili mkaiita idadi ya jozi. Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza kwenye maziwa Naivasha na Victoria, alionesha kwamba madume wengine husaidia kulisha vifaranga wasio wao, wengine wakiwa watoto wa jozi hiyo wa msimu uliopita, wengine wageni kabisa. Wakubwa watatu au wanne kwenye tundu moja ni jambo la kawaida.

Hali ya sasa

Vituo vinne vina matawi yaliyothibitishwa kwa kinyesi na vidonge. Kituo cha tatu kina tete nzuri na maji mazuri lakini hakina alama yoyote. Kinabaki kwenye ratiba hadi mto ushuke tena, kisha kinahamishiwa kona inayofuata. Gema la kituo cha tano lina matundu matatu: moja lina utando, moja lina michirizi ya miguu bila uchafu, la tatu halijasomeka kwa sababu jua la asubuhi haliliangazii. Litaangaliwa alasiri kutoka ukingo wa kushoto. Shata ya kamera imewekwa, fokasi itapimwa kwenye kisiki cheupe.